Maneno Niliyomtungia Kocha

Niliwahi kuwa kocha. Nalisema mapema kwa sababu huku Minnesota hakuna aliyewahi kuniuliza, nami nimechoka kungoja kuulizwa. Kwa miaka tisa nilifundisha voliboli katika shule ya wasichana karibu na Kitale, na timu yangu ilifika mashindano ya kitaifa mara mbili. Siku hizi kazi yangu ni kuogesha wazee. Ni kazi ya halali, inanilisha na imesomesha watoto wa ndugu zangu, lakini sitajifanya kwamba niliiota nikiwa msichana.

Mzee ninayetaka kusimulia habari zake nilipewa na kampuni inayopeleka wauguzi majumbani. Ofisi yao iko Plymouth, dakika tano kutoka ninapoishi, kwa hiyo nilitarajia wagonjwa wa karibu. Wao wakanipeleka Inver Grove Heights, upande wa pili kabisa wa jiji, nusu saa barabara ikiwa kavu na saa nzima theluji ikianguka. Msichana wa ofisini alinisomea karatasi: mwanamume, miaka themanini na mmoja, amefiwa na mke, kiharusi, maneno machache, wauguzi wanne wamemkimbia. "Alikuwa kocha wa mpira kule Kanada," akaongeza, kwa sauti kama ya kunionya kwamba mbwa wa nyumba hiyo anauma.

Sisi tukisikia mpira tunawaza miguu. Huu ni ule wa kubebwa mikononi, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao Wamarekani wanaupenda kuliko baadhi ya jamaa zao. Wakanada nao wana wao. Unafanana na huu, ila uwanja ni mkubwa zaidi, wachezaji ni kumi na wawili badala ya kumi na mmoja, na timu inapewa nafasi tatu tu za kusogea yadi kumi mbele, si nne. Mmarekani akiutazama hucheka, kama mtu wa Mombasa anavyocheka Kiswahili chetu cha bara. Haya yote sikuyajua. Nilifundishwa na mzee mwenyewe, kwa vile vikombe vidogo vya plastiki tunavyotilia dawa.

Kiharusi kilikuwa kimempokonya karibu maneno yote. Yaliyobaki yalihesabika: hapana, tena, nenda, kushinda, na namba, ambazo hazikumpotea hata moja. Kwa Kiingereza, bila shaka. Wiki ya kwanza alinirushia kijiko. Wiki ya pili nilikunja taulo zake akazikunjua zote kwa mkono wake mzima na kusema, "Tena." Nikazikunja tena. "Tena." Mara ya tatu nikamwambia, mzee, mimi pia nimekuwa kocha, na kama unataka zikunjwe kwa namna fulani utanionyesha, hutanifokea. Kisha akachukua taulo, akanionyesha. Baada ya siku hiyo hakurusha kitu tena, walau si kwangu.

Ndivyo nilivyoijua kazi ya maisha yake, asubuhi baada ya asubuhi, kwenye meza ya chakula. Alikuwa akipanga vikombe kumi na viwili upande huu na kumi na viwili upande ule, ananionyesha nani anakimbilia wapi, na mimi nakisia, naye anasema hapana, hapana, tena, mpaka nipatie. Miaka nayo ilikuwa namba. Akisema namba ya mwaka nilileta albamu ya mwaka huo, tukaipekua. Sasa najua mambo yake kuliko watu wengi wa ukoo wake.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa machinjio, South Saint Paul, kilomita chache kutoka nyumba aliyokuja kuzeekea. Alicheza mpira chuoni bila kung'ara. Akawa msaidizi wa kocha katika shule za sekondari, akaandika barua za kuomba kazi kila mahali, na kila mahali wakamshukuru kwa barua yake. Alipofika miaka thelathini na minne timu moja ya Kanada, katika mji wa nyanda zile tambarare zisizo na mti, ilitaka mtu wa msimu mmoja tu. Akaenda. Mke na watoto akawaacha hapa kwa sababu ya shule, kwa sababu ya nyumba, na kwa sababu msimu ni nusu mwaka tu. Alikaa huko miaka ishirini na sita. Hapo nilicheka peke yangu, kwa maana mimi pia nilikuja huku kwa miaka miwili.

Alitwaa makombe matatu. Kule kuna barabara yenye jina lake. Huku mtu aliyekaa naye jirani miaka kumi alinisimamisha siku moja akiwa anaondoa theluji, akaniuliza huyu mzee alifanya kazi gani zamani. Nikamwambia alikuwa kocha Kanada. "Ah," akasema, "hoki," yaani ule mchezo wa barafuni. Nilimweleza mzee, nikidhani atacheka. Alisogeza sahani yake kando na hakula mchana ule.

Nilimpenda, nakiri. Nilimpenda kwa sababu ya kinyongo chake. Alikuwa mtu aliyeshinda pasipoonekana kwao, na akarudi kwao akakuta hata mchezo wenyewe unaitwa mzaha. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wangu. Rafiki yangu mmoja wa kazini, Mkenya mwenzangu, aliniambia kwenye simu, "Wewe, usiji-involve na hawa watu. Una-do shift yako, una-clock out, unaenda home." Nikamjibu kwamba wivu unamsumbua, yeye ambaye mgonjwa wake hutazama televisheni iliyozimwa.

Mzee alikuwa na binti mmoja aliyebaki jijini, daktari wa meno, mama wa miaka hamsini na kitu. Alikuja Jumapili moja moja. Hakuwahi kuvua koti. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaniuliza mimi kuhusu dawa na choo, akamgusa baba yake begani, akaondoka. Nilimwona mbaya. Mama yangu angekuwa karibu namna ile, ningehamia miguuni pake.

Mwisho wa kiangazi ile timu ya Kanada iliandika kwamba inataka kupandisha jina la mzee ukutani uwanjani, pamoja na majina ya wakubwa wao wengine. Wakaomba familia iandike kurasa mbili juu ya kazi yake. Binti akaja na kompyuta yake, na safari hii akalivua koti. "Nasikia wewe unamwelewa," akaniambia. "Basi nisaidie." Tukaketi watatu: mzee na vikombe vyake, binti na kompyuta, na mimi katikati nikifasiri.

Jumapili mbili za kwanza zilikwenda vizuri, tena vizuri mno. Mzee alipanga, mimi nikasema, binti akaandika. Mara nyingine alimwuliza jambo la mpira, na mzee akajibu kwa vikombe, na binti akashtuka kwamba amelielewa kabla sijafungua mdomo. Nikawaza kwamba ninawapatanisha. Nilianza hata kujisifu, nikiwa peke yangu garini.

Jumapili ya tatu tukafika mwaka wa kombe la pili. Binti aliacha kuandika.

"Mwaka huu naujua," akasema. Aliongea nami, lakini macho yalikuwa kwa baba yake. Akanieleza, kwa utulivu, kwamba mwaka huo mama yake alikuwa anakufa hapa, kwa saratani, katika chumba kile cha mbele ninamowekea nepi za mzee. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, ameacha chuo ili amuuguze. Jumanne ya wiki ya fainali alimpigia baba yake, akamwambia daktari anasema ni siku, si wiki. Ndege ilikuwepo kila siku, na timu ingelipa. Mama alifariki Alhamisi. Fainali ilichezwa Jumapili, wakashinda, na magazeti yakaandika kwamba kocha amefundisha kwa moyo uliovunjika. Alifika hapa Jumatatu. Wakazika Jumatano.

"Sijawahi kumwuliza," akasema. "Nataka niandike mwaka huu, na siwezi kuuandika kabla sijajua. Mwulize kwa nini hakuja nilipompigia."

Hapa lazima niseme habari yangu. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, kule Kitale, kwa ugonjwa wa figo. Aliugua miezi minne. Faili langu la uhamiaji lilikuwa kwenye meza ya mtu nisiyemjua, na wakili alinieleza bila kuzunguka: ukitoka, usitegemee kurudi. Watoto wa ndugu zangu wako shuleni, dawa za Mama zenyewe zinatoka mfukoni mwangu. Nikabaki. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimekaa garini mbele ya duka moja la mtaa wa Frogtown nilikokwenda kununua unga, picha ikiganda kila mchungaji alipofungua mdomo. Mdogo wangu, ndiye aliyemuuguza, aliniletea maneno ya mwisho ya Mama: hana kinyongo nami, nifanye kazi yangu kwa amani, Mungu anibariki. Nimeishi kwa maneno hayo. Nimeamka nayo nikaenda kazini nayo.

Kwa hiyo nilipomgeukia mzee, nilikuwa nimeshakasirika. Yeye njia ilikuwa wazi. Ningepewa njia ile ningeipita kwa magoti. Lakini nilitumaini, Mungu anajua nilitumaini, kwamba kuna sababu. Labda hakuamini. Labda aliogopa kuona. Nikamwuliza polepole, kama nilivyozoea, nikimpa majibu ya kuchagua. Ulifikiri binti amekosea? "Hapana." Uliogopa? "Hapana." Timu ilikukataza? "Hapana, hapana."

Akavuta vikombe. Akavipanga vyote ishirini na vinne, taratibu. Akagonga upande wake wa meza kwa kidole.

"Kushinda," akasema.

Mlikuwa mnashinda? Akatikisa kichwa kukubali. Akamtazama binti yake usoni, si kwa ukatili, bali kama mtu anayesoma alama za mtihani. Kisha akasema, "Tena."

Nilimwelewa. Sina njia ya kujidanganya kwamba sikumwelewa, maana kumwelewa ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Alikuwa anasema tulikuwa tunashinda, na kama siku ile ingerudi, ningefanya vile vile tena.

Binti akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema anajuta," nikasema. "Anasema alimwaza mama yako kila saa ya wiki ile. Anakuomba umsamehe."

Nimejiuliza mara nyingi yalitoka wapi yale maneno, kwa wepesi namna ile. Yalitoka nyumbani. Kwetu anayemuuguza mgonjwa ndiye anayebeba maneno yake, na siku ya mazishi husimama mbele ya watu akaeleza ugonjwa ulianzaje, ulikwendaje, na marehemu alisema nini mwishoni. Nimehudhuria mazishi mengi na sijasikia hata mara moja kwamba marehemu alikufa akitukana. Wote, walevi kwa wachoyo, waliotelekeza wake na waliouza mashamba ya ndugu zao, walipumua pumzi ya mwisho wakisema pendaneni. Tunajua, na tunasema amina. Anayeuguza huyaosha maneno kama anavyouosha mwili, na hakuna anayemwita mwongo. Mimi nikafanya kazi niliyolelewa kuijua. Na hilo ni nusu tu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba sikuweza kuvumilia mtu aliyefanya vile kwa hiari yake asijute, wakati mimi niliyelazimishwa najuta mpaka mifupa inauma.

Binti alifumba macho. Nilidhani nimeona uso wake unalegea, na kwa kitambo nikafurahi.

"Hapana," mzee akasema.

Akaupitisha mkono mezani, vikombe vikaanguka sakafuni. "Hapana. Hapana. Kushinda. Tena." Alikuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni, na hasira yote ilikuwa kwangu. Nilikuwa nimemharibia jambo alilolipanga kwa shida, na katika maisha yake yote hakuwahi kumwachia mchezaji kosa la aina ile.

Binti yake aliyatazama vikombe. Halafu akacheka, cheko fupi kavu, na machozi yakashuka wakati huo huo. Akanyoosha mkono akamshika baba yake kiganja, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Ndiyo," akamwambia. "Sasa nimekusikia."

Kwangu alizungumza mlangoni, baada ya kulivaa koti. "Kwa nini umefanya hivyo?"

Nikaanza kumweleza kwamba kwetu... Kwa Kiingereza ilisikika kama upuuzi.

"Pole nimeshapewa," akasema. "Magazeti yalinipa, mapadri walinipa, shangazi zangu walinipa. Miaka thelathini na kitu nimemsubiri baba yangu aniambie jambo moja la kweli. Ameniambia leo, na wewe ukasimama mbele yake."

Nilitaka kumjibu kwamba yeye ana bahati ya kuchagua ukweli. Nikarudi mezani, nikaokota vikombe.

Jumatatu ofisi ilinipigia kwamba familia imeomba muuguzi mwingine. Hakuna lalamiko, wakasema, mabadiliko tu. Rafiki yangu alipopata habari hakunionea huruma hata kidogo. "Si nilikushow? Umeenda ku-translate family drama ya wazungu, na hata hawakuku-pay extra." Nikampa mgongo wiki mbili. Nikapewa bibi mmoja hapa hapa Plymouth, mpole, asiyenitambua, na mwendo wa gari wa dakika nne. Kila mtu aliona nimepata afadhali.

Mzee alifariki kabla theluji ya kwanza haijashika. Sikuambiwa. Nililiona tangazo kwenye simu, na sikwenda, kwa kuwa nisingejua nikae wapi. Miezi kumi nilimwogesha mtu, nikamlisha, nikaijua kila fainali aliyoiongoza, na siku ya kueleza habari zake mbele ya watu sikuwa na kiti. Kwetu wangeniita mbele kwanza. Niliudhika, na bado nimeudhika.

Wiki moja baadaye binti alinitumia zile kurasa mbili. Hakuandika barua, aliandika tu: nilitaka uzisome kama zilivyokuwa kabla timu haijazipunguza. Nilizisoma asubuhi ya Jumamosi, ndani ya gari, mbele ya nyumba ya yule bibi. Machinjio yalikuwemo, barua za kukataliwa, nyanda, vikombe vya dawa. Na mwaka wa kombe la pili ulikuwa hivi: "Mke wake alifariki siku tatu kabla ya fainali. Nilimpigia, hakuja. Nilipomwuliza akiwa mzee alisema walikuwa wanashinda na kwamba angefanya vile vile tena. Alikuwa kocha bora niliyewahi kumwona, na nimelala vizuri tangu aliponijibu."

Kisha nikampigia mdogo wangu. Kule ilikuwa jioni, nilisikia sufuria na redio.

"Dada! Uko sawa? Mbona saa hizi?"

"Niko sawa. Nataka uniambie vile Mama alisema. Mwisho."

"Si nilikuambia?"

"Niambie tena."

Akazima redio. "Alisema hana kinyongo na wewe. Ufanye kazi yako kwa amani. Mungu akubariki." Yalitoka moja baada ya jingine, bila kuongeza wala kupunguza, kama mtoto anayesema shairi la shule.

"Hivyo tu? Aliniulizia? Alisema nini nikikosa kuja?"

Nilimsikia akisogea, akafunga mlango wa jikoni ili watoto wake wasisikie. Mtu hafungi mlango kwa ajili ya baraka.

"Dada," akasema, sauti imeshuka. "Unataka kweli nikuambie? Kama unataka nitakuambia. Nimechoka kukaa nayo peke yangu."

Nilikuwa na zile kurasa hapo mapajani kwenye simu... la, simu ilikuwa sikioni, kurasa nilikuwa nazo kichwani, na yule mwanamke aliyelala vizuri. Nilikuwa na nafasi yake ile ile. Nilisikia mdogo wangu akivuta pumzi ili aanze.

"Basi," nikamwambia. "Usiniambie."